Mkufu wa Mgeni wa Heshima

Chebet alinipigia simu asubuhi moja mwaka jana, nikiwa nimekaa nje ya jikoni nachambua mboga za managu, akaniambia mama yake amefariki. Alipojitaja sikumtambua upesi. Kichwani mwangu Chebet amebaki mtoto mdogo anayelala juu ya rundo la magunia na kidole mdomoni, si mwanamke mwenye sauti nzito anayeniuliza kama bado ninameza dawa za presha na kama nitaiweza ile barabara ya kuteremka bondeni. Aliniambia familia ingependa niseme neno kwenye mazishi, kwa sababu mimi ndiye niliyemjua Mama akiwa bado mtu wa mjini. Nilienda. Nilisimama chini ya hema, nikashika maikrofoni, nikasema Selina alikuwa mchapa kazi, alikuwa mcha Mungu, alikuwa rafiki wa kweli. Kisha nikarudi kuketi. Maneno hayo yangemfaa karibu kila mwanamke anayezikwa kule, na nilipokuwa nikiketi nilimwona Chebet akinitazama kama mtu ambaye bado anangoja.

Mwaka niliokutana na Selina ulikuwa ule wa kura za kupanga foleni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne bila alama za kunipeleka popote, nikikaa kwa baba mdogo mtaa wa Munyaka, Eldoret, na kumsaidia dukani. Selina aliingia siku ya mvua, mtoto mgongoni, akauliza kama tuna magunia matupu ya sukari. Baba mdogo alidhani anataka ya kuanikia mahindi. Selina akachomoa uzi mmoja wa nailoni kwenye ukingo wa gunia, akausokota juu ya paja, akauvuta kwa mikono miwili mbele yetu. Alisema huo ndio unaoshika shanga, kwamba ule wa dukani unaoza kwa jasho la shingo. Baba mdogo alicheka akampa magunia bure, na kwa sababu mvua haikuwa imekwisha na yeye alikuwa na mtoto, akaniambia nimsaidie kuyabeba hadi kwake. Nilikaa huko mpaka jioni. Kesho yake nilirudi, na baada ya wiki chache hakuna aliyeniuliza tena ninakoenda nikimaliza kufagia duka.

Alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa West Indies, kwenye ploti yenye mfereji mmoja wa maji uani. Chumba kilinuka pembe. Alikuwa akichukua pembe za ng'ombe kutoka machinjioni, akizichemsha kwenye debe mpaka zilainike, kisha anazikata kwa msumeno mdogo kuwa bangili na herini, na majirani walikuwa wakimlalamikia kuhusu harufu hiyo. Shanga zilikaa kwenye mikebe ya siagi, kila rangi na mkebe wake, zimepangwa dirishani ambako mwanga ulikuwa mzuri. Kitanda kilikuwa nyuma ya leso iliyoning'inizwa kwenye kamba. Na nyuma ya mlango, kwenye misumari, kulikuwa na mashati ya mwanamume, yamepigwa pasi, na kila Jumamosi aliyashusha, akayapiga pasi tena, akayarudisha. Siku ya kwanza nilimuuliza mzee wa nyumba anafanya kazi wapi. Alinijibu kwamba ni mwalimu, na akaendelea kutunga shanga. Habari iliyobaki niliisikia mferejini, nikichota maji, kwa wanawake waliokuwa wakisema chini chini, ingawa walijua ninasikia. Walisema mume wake alikuwa na mdomo. Siku ya kura, watu walipopangwa nyuma ya picha za wagombea kwenye uwanja wa shule, mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi, na Mwalimu Kiptoo alisema kwa sauti kwamba hata watoto wake wa darasa la pili wangeweza kuona foleni ipi ni ndefu. Watu walicheka. Mwezi uliofuata walikuja wanaume wawili na gari lisilo na maandishi, wakamtoa darasani. Selina akatolewa kwenye nyumba ya shule, akaja hapa na mikebe yake.

Leo vijana wananiuliza tuliogopa nini hasa, na huwa sijui nianzie wapi. Tuliogopa kumaliza sentensi. Baba mdogo alikuwa na picha ya Rais ukutani na kadi ya chama mfukoni, na mteja akitaja siasa alikuwa akiuliza haraka kama anataka unga wa kilo mbili. Selina naye alienda kituo kimoja cha polisi baada ya kingine na kikapu cha chakula. Mahali pote waliandika jina lake, wakamwambia mtu huyo hayuko hapa. Alikuwa akirudi, tunakula kile chakula sisi watatu, yeye, mimi na Chebet, nacho kimepoa, na hakuna aliyesema ni cha nani.

Mvua za mwezi wa sita zilipokuja, kamati ya tamasha ilimtembelea. Mji ulikuwa unaandaa tamasha kubwa la sanaa uwanjani, shule zikiwa zimefungwa: wachoraji, wachongaji, wafinyanzi, kwaya, wachezaji ngoma kutoka kila upande. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, mtu mzuri, mwenye sauti ya kanisani. Alishika bangili moja moja akazigeuza kwenye mwanga, kisha akamwambia Selina atapewa meza, na zaidi ya hapo, wanataka mkufu mpana wa kuvalishwa mgeni wa heshima, wenye rangi za bendera, na aliyeutunga ndiye atakayemvalisha. Mgeni huyo alikuwa mtu mkubwa sana katika serikali. Yule mama alipotoka, Selina alikaa kitandani kwa muda mrefu. Kisha akasema, kama anayeongea na mtoto, "Nitakuwa karibu na sikio lake."

Tuliutunga mkufu ule mwezi mzima na zaidi. Ulikuwa mpana kama ungo wa kupepetea, shanga nyeusi ndani, nyekundu, nyeupe, kijani pembeni, na vipande vya pembe vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Nilikuwa nikisokota uzi, yeye akitunga, na mkono wake ukiwa kazini mdomo wake ulimzungumzia Mwalimu. Sijawahi kusikia mtu akimsimulia mwingine hivyo. Hakumlilia wala hakumsifu. Alinieleza alivyokuwa akishuka kwenye baiskeli, alivyokunywa chai, aliyoyasema siku fulani mvua iliponyesha kwenye harusi ya jirani. Mtu ambaye sikuwahi kumwona akawa akiingia na kutoka chumbani mle mchana kutwa. Na katikati ya hayo alikuwa akijaribu maneno atakayomwambia mgeni. Mwanzoni yalikuwa marefu, yenye heshima nyingi na maelezo kuhusu foleni, kwamba ulikuwa mzaha tu. Kisha akaondoa foleni. Akaondoa mzaha. Kufikia mwisho wa mwezi wa saba alibaki na maneno machache tu ambayo yangesemwa wakati wa kufunga kamba nyuma ya shingo.

Siku ya tamasha jua lilitoka mapema, jambo la ajabu kwa Eldoret wakati ule. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Vijana wa chama walisimama langoni wakiuliza kadi. Meza yetu ilikuwa kati ya mfinyanzi mmoja na wanafunzi waliouza picha za kuchora, na kabla hata hotuba hazijaanza tulikuwa tumezungukwa. Mama mmoja kutoka Langas aling'ang'ania herini za pembe kwa ajili ya binti yake anayeolewa, akazirudisha mezani, akaondoka, akarudi, akaniambia nimpunguzie kwa sababu bwana harusi mwenyewe hana kitu. Selina alikuwa amevaa gauni lake la bluu la Jumapili. Alikuwa akitabasamu tangu asubuhi, na nilijua anayarudia yale maneno.

Ndipo yule mama mwenyekiti akaja, akipenya katikati ya watu, amebana mkoba wake kifuani. Alimvuta Selina kando, nyuma ya meza, lakini mimi nilikuwa hapo hapo nikisikia kila kitu. Alisema majina ya watakaomkaribia mgeni yalipelekwa mahali, na yamerudi bila la Selina. Alisema si yeye. Alirudia mara nyingi kwamba si yeye, na aliona haya kweli, macho yake yalijaa machozi. Mkufu utavalishwa, lakini na mtu mwingine, msichana yeyote nadhifu. Selina hakubishana. Alifunua kitambaa kilichofunika mkufu, akautazama, kisha akanigeukia.

"Nyambura ananisaidia kutunga," alimwambia yule mama. "Yeye anajua kuufunga."

Yule mama alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza jina langu na ninakaa kwa nani, akaandika, akaondoka. Tulibaki wawili, na kelele za uwanja zikiwa zimetuzunguka pande zote. Selina alinirekebisha kola.

"Si lazima useme," aliniambia. "Ukimvalisha tu, ukarudi, mimi na wewe ni vilevile."

Nilimwambia nimeyasikia maneno yale mwezi mzima, na hata nikitaka kuyasahau siwezi.

Sikumbuki nilivyopanda ngazi za jukwaa. Nakumbuka zulia jekundu lililokuwa na matope ya viatu, na ngoma zikinyamaza ghafla, na mgeni akiinamisha kichwa ili nimfikie. Alikuwa mtu mzima, mnene, ananukia sabuni nzuri. Nilipitisha mkufu, nikashika kamba mbili nyuma ya shingo yake, mdomo wangu ukawa karibu na sikio lake kama Selina alivyosema, nikasema, "Mzee, aliyetunga hii ni mke wa Mwalimu Kiptoo. Mwalimu alichukuliwa mwezi wa nne. Mke wake anaomba tu kujua yuko wapi."

Hakugeuka. Wapiga picha walikuwa mbele yetu, naye alikuwa akiwatabasamia.

"Kiptoo nani?" aliuliza, bila kusogeza midomo sana.

"Yosefu Kiptoo. Mwalimu wa primari."

Kisha akasema kwa sauti ambayo jukwaa zima lilisikia, "Umefunga vizuri, msichana?"

"Ndiyo, Mzee."

"Asante sana."

Watu wakapiga makofi, ngoma zikaanza tena, nami nikashuka. Selina alinipokea kwa mikono miwili, akaniuliza alisema nini. Nikamwambia aliuliza jina. Nyuso za watu zilikuwa zimegeukia meza yetu, kwa sababu kila mtu sasa alitaka kitu kinachofanana na alichovaa mgeni, na mchana ule tuliuza mpaka tukabaki na mikebe na kitambaa. Selina alikuwa akifunga bangili kwenye gazeti, anapokea pesa, anamshukuru mteja, kisha ananiinamia na kusema, "Aliuliza jina?" Nami najibu ndiyo. Anamhudumia mwingine, kisha ananirudia. Alisema mtu haulizi jina bila sababu. Hiyo ndiyo siku tuliyouza vizuri kuliko zote maishani mwetu, na ninapoikumbuka sioni bidhaa wala umati, naona uso wake tu ukiuliza jambo lile lile.

Kesho yake, tamasha likiwa bado linaendelea, wanaume wawili walikuja mezani wakaniuliza kama mimi ndiye Nyambura. Walinipeleka katika chumba chenye meza ya mbao na dirisha lililopakwa rangi, wakaniuliza nani alinipa maneno ya kusema. Nilisema niliyasema kwa mdomo wangu. Waliuliza nani huja kwa Selina, wanazungumza nini, kwa nini msichana wa Munyaka anashughulika na mambo ya nyumba za watu. Hawakunigusa. Waliniacha peke yangu kwa muda, wakarudi, wakauliza yale yale, na alasiri wakaniachilia. Lakini walikuwa wamepitia dukani pia. Nilipofika, baba mdogo alikuwa ameketi juu ya mfuko wa maharagwe, duka limefungwa mchana. Aliniambia wamesoma leseni yake mbele na nyuma na kumuuliza inaisha lini.

"Mimi sikufukuzi, Nyambura," alisema. "Lakini hapa kuna watoto, na duka ndilo linawalisha. Tafuta mahali ukae mpaka haya yapoe."

Alinipa unga, sukari na blanketi jipya la dukani. Hakuniangalia usoni. Sijawahi kumwekea kinyongo, na miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, nilimwambia hivyo, naye akalia.

Nikahamia kwa Selina. Tulilala watatu nyuma ya ile leso, Chebet katikati. Kuanzia hapo hakuna aliyenunua kwetu. Tulikuwa tukitandaza mkeka wetu karibu na soko, na wanawake waliotugombania uwanjani wakawa wanavuka barabara. Picha yangu na mgeni ilitoka gazetini bila kutaja habari yetu, lakini mji mdogo hauhitaji gazeti. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe, na maharagwe yakiisha tukala uji. Selina hakuacha kutunga. Alikuwa akitunga, anafumua, anatunga tena shanga zile zile, na hadithi za Mwalimu zikaendelea, ila sasa alianza kukwama. Alikuwa akifika katikati ya jambo, halafu ananiuliza kama alishawahi kuniambia lilivyoishia. Mara nyingi nilikuwa ninalijua, nikamwelezea mimi.

Mwalimu alirudi mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, kwa miguu. Nilikuwa naanika nguo. Wanawake wa mferejini walinyamaza wote pamoja, nikageuka, nikaona mwanamume mwembamba langoni akiwa na mfuko wa plastiki, akauliza kama hapo ndipo kwa Mama Chebet, kwa maana chumba hicho hakuwahi kukijua. Mtu niliyemfahamu kwa miezi yote ile alikuwa na bega pana na mwendo wa haraka. Huyu alishika ukuta alipokuwa akikaa. Nilimkaribisha ndani, akasema atakaa hapo nje tu. Chebet alijificha nyuma ya gauni langu na hakutoka hata alipoitwa jina. Selina alikuwa mjini. Aliporudi na mzigo wake kichwani alisimama langoni, akaushusha chini polepole, akapita, akawasha jiko, akaweka maji ya kuoga. Alipomletea shati moja kutoka nyuma ya mlango, vidole vya Mwalimu havikuweza vifungo, basi akamfungia yeye, kimoja kimoja, kuanzia chini. Mwalimu alikula amesimama karibu na mlango, mlango ukiwa wazi, na ikawa hivyo kwa kila mlo.

Baada ya siku kadhaa, Selina akiwa mferejini, Mwalimu aliniita nikae karibu naye kwenye ngazi. Aliniuliza kama ni mimi niliyetaja jina lake. Nilisema ndiyo, Mwalimu.

"Walinihamisha baada ya hapo," alisema. "Walianza upya kunipiga. Walikuwa wanataka kujua nani huko nje ananijua."

Alinigusa mkono kwa vile vidole vyake visivyokunjika.

"Sikuambii ili ujute. Nilikuwa nimeanza kuamini hakuna anayejua kama niko hai. Walipouliza hivyo, nikajua yupo anayejua." Akamtazama Selina akija na ndoo. "Huyu usimwambie habari ya kupigwa."

Sikumwambia. Mwaka mpya ulipoingia walipanda lori la mahindi wakaenda bondeni kwa wazazi wa Mwalimu, kwa sababu hakuna shule ambayo ingemwajiri tena. Selina aliniachia mikebe yote ya shanga, akasema kule hakuna wa kumuuzia. Tuliandikiana kidogo, kisha tukaonana kwenye harusi na matanga. Walipata watoto wengine huko, na Mwalimu aliishi miaka kadhaa akichunga mbuzi, mtu mpole asiyesema, akafa Chebet akiwa sekondari. Selina aliendelea kuishi akiamini kwamba lile swali la jukwaani ndilo lililomtoa mumewe, na kila tulipoonana alinishukuru, nami nilipokea shukrani hizo. Labda ni kweli. Labda ni mimi niliyemwongezea mateso ya miezi minne. Nimezeeka bila kujua, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wakitawanyika na vijana wakikunja mahema, Chebet aliniletea chai akaketi kando yangu. Akasema kuna jambo ambalo mama yao hakuweza kuwaambia hata walipomsihi.

"Anti, Baba alikuwa mtu wa namna gani kabla ya yale mambo? Sisi tulimjua akiwa kimya tu. Kila nikimuuliza Mama alikuwa anasema amesahau."

Nilitaka kumjibu kwamba hata mimi nilikutana naye akiwa kimya. Lakini hilo halikuwa kweli kabisa. Nikamwambia, kama Selina alivyonisimulia tukitunga mkufu, kwamba siku alipozaliwa, baba yake aliacha darasa katikati ya hesabu, akaendesha baiskeli hadi hospitali, akafika na chaki bado mkononi, na nesi alipomwamuru akanawe alikataa kuiweka chini mpaka amwone mtoto, kisha akamchora alama nyeupe kwenye paji la uso na wodi nzima ikacheka. Chebet aliweka kikombe chini. Aliniomba ningoje, nisiseme zaidi, akasimama akawaita wadogo zake waliokuwa wakibeba viti kwenye gari.

"Acheni hivyo," aliwaambia. "Leteni viti hapa mkae."

Walikuja, watu wazima wenye watoto wao, wakakaa kunizunguka kwenye nyasi zilizokanyagwa, na mmoja wao alikuwa na bega pana. Nikaanza tena kutoka mwanzo, kwenye ile baiskeli, polepole, ili kisipotee kitu.